Jimbo Lililotaka Kusimama Peke Yake

Kwa miaka kadhaa nimekana, mbele ya mume wangu, mbele ya mama yake, na mara moja mbele ya mchungaji aliyeniuliza kwa huruma tu, kwamba Jumamosi ile nilikwenda mahali pengine popote isipokuwa kwa daktari wa meno. Sasa nakiri. Hakukuwa na daktari. Jino langu lilikuwa zima, na ni zima mpaka leo. Nilipanda treni kutoka Toongabbie, kitongoji cha Sydney tunakoishi, hadi Parramatta, nikapanda ngazi za jengo lenye duka la simu chini yake, nikaketi mbele ya dalali wa mikopo ya nyumba, nikamweleza kwamba nataka kukopa peke yangu, bila mume wangu, kana kwamba mume wangu ni ugonjwa ambao nilikuwa nimepona.

Uongo wa jino una gharama zake. Mume wangu ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Penrith, na mtu wa kazi hiyo ukimwambia unaumwa hakuachi hivi hivi. Jioni ile alinichemshia maji ya chumvi na karafuu, akasimama mlangoni mwa bafu kuhakikisha nayasukutua. Asubuhi akanipikia uji mlaini. Nikatafuna upande mmoja, na nilipojisahau nikacheka, nilishika shavu haraka. Mimi ni mtu mzima mwenye shahada mbili, na nilikuwa naigiza maumivu ya gego mbele ya bakuli la uji.

Ili nieleweke, itabidi nieleze kazi niliyokuwa nayo, jambo ambalo sijawahi kulifanya bila msikilizaji kupiga miayo. Nilikuwa mhariri katika kampuni moja mjini ambayo hupanga serikali kwa madaraja. Nchi zilikuwemo, lakini idara yetu ilishughulika zaidi na serikali zilizo chini ya nchi: majimbo, mikoa, majiji. Serikali ya jimbo ikitaka kujenga reli au hospitali hukopa, na wenye fedha, kabla hawajafungua mkono, huuliza: huyu atalipa? Kampuni yetu iliwajibu kwa herufi. Mwenye herufi A tatu mfululizo hukopeshwa watu wakiwa wamefumba macho. Herufi zikishuka, riba inapanda. Walioamua ni wachambuzi, watu wa hesabu. Mimi nilisomea fasihi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba wakiamua kumshusha mtu, wanamshusha kwa sentensi iliyokaa sawa.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliniuliza siku moja tukichambua mchicha, ambao yeye huuita lengalenga, kwamba hasa huko mjini nafanya nini.

"Tunapima serikali, Mama. Kama zinaweza kulipa madeni yao."

"Munazipima na kilo?"

"Na herufi."

"Na yenye imeshindwa kulipa, munaifanya nini?"

"Tunaishusha herufi. Halafu ikikopa tena, inalipa riba kubwa zaidi."

Alitupa bua kwenye beseni. "Kumbe munapiga mutu mwenye ameshaanguka. Na wanakulipa?"

"Wananilipa, Mama."

"Basi ni kazi," akasema, akaendelea kuchambua, na sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo ya soko la mitaji.

Katika ripoti zote nilizozipigia koma kulikuwa na wazo moja lililorudi kila mara, wachambuzi wabadilike au wasibadilike. Lilisema hivi: jimbo haliwezi kuaminika kuliko nchi inayolilisha. Jimbo linaweza kuwa na vitabu safi, kodi inakusanywa vizuri, mishahara inalipwa kwa wakati. Lakini sehemu kubwa ya fedha zake ni ruzuku kutoka serikali kuu. Serikali kuu ikielemewa na deni, ruzuku hupunguzwa au huchelewa. Benki za nchi nzima hukaza mkono. Na siku ya shida, yule ambaye angekuja kuliokoa jimbo naye anatafuta wa kumwokoa. Kwa hiyo deni la taifa, ambalo jimbo halikulikopa wala kulila, hushuka taratibu mpaka mezani kwa jimbo na kula herufi zake. Nilisahihisha maelezo hayo mara nyingi mno, mpaka nikaanza kuyaona kila mahali: kwenye kwaya ya kanisa, kwenye chama cha kina mama, na mwishowe, hapo ndipo nilipokosea, kwenye ndoa yangu.

Maana mume wangu ni serikali kuu. Ametoka Uvira, mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza wa ukoo uliotawanyika hana likizo. Kuna shangazi aliyebaki, kuna binamu walio bado katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kuna ada, kuna misiba. Hajawahi kulalamika. Anatuma fedha kama watu wengine wanavyopiga mswaki, kimya, kabla ya kulala. Mimi ni wa Morogoro, mtoto wa mwisho, na familia yetu hutumiana zaidi salamu. Tulikutana Liverpool, ile ya hapa hapa Sydney, katika ofisi ya huduma za wahamiaji, nikiwa mkalimani wa kujitolea. Alikuja mbio kumtafsiria mama yake, akakuta nimeshamaliza, akakasirika. Alisema nimemfanya mama yake azungumze Kiswahili cha redio. Tukaoana.

Ana mdogo wake mmoja hapa Sydney, anaishi Penrith. Huyu ndiye shemeji yangu, mtu mwenye sauti kubwa na moyo wa njiwa, anayesafirisha mizigo ya maghala kwa lori lake, ambalo yeye huliita kamiyo, kama anavyomwita kaka yake yaya. Aliponunua lile lori hakuwa na historia yoyote ya mkopo, na wakopeshaji walitaka mdhamini. Mume wangu akaweka sahihi. Hakuniuliza, na sikutaka kuulizwa. Walipokimbia vita Uvira, mdogo mtu alikuwa na homa na hakuweza kutembea, na mume wangu, ambaye naye alikuwa kijana tu, alimbeba mgongoni njia nzima mpaka mpakani. Mtu aliyekwisha kubebwa hivyo, kumwekea sahihi ni jambo dogo.

Tulikuwa wapangaji Toongabbie, katika nyumba ya matofali yenye uwanja mrefu nyuma unaoteremka kuelekea uzio wa reli. Uwanja huo ndio uliokuwa nyumba. Vyumba vilikuwa nyongeza. Mama mkwe aliuchimba wote, akabakiza njia ya kupita mtu mmoja, na huyo mtu awe mwembamba. Kila mwaka baridi ilipoanza kulegea alitoa kopo lake la mbegu, akaloweka maharage, akageuza udongo. Kulikuwa na lengalenga, matembele, maboga, na mahindi yaliyosimama kando ya uzio yakitazama treni.

Halafu mwenye nyumba, mzee mjane mwenye adabu za zamani, alikuja mwenyewe, kofia mkononi, kutuambia kwamba anahamia kwa binti yake na atauza. Alisema angependa tununue sisi, kwa sababu marehemu mkewe angeupenda uwanja ulivyo sasa. Angetusubiri mpaka majira ya kuchipua yaanze. Baada ya hapo angemkabidhi dalali, na dalali angemtafuta mtu wa kubomoa na kujenga mbili.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni. Kiingereza chake ni kidogo, lakini hilo alilielewa lote. Mzee alipoondoka, nilimwambia, "Usijali, Mama, tutajua la kufanya."

"Sijali," akasema.

Lakini mwaka huo hakutoa kopo. Baridi ilianza kulegea, jirani akaanza kuchimba, na yeye akaketi palepale kwenye ngazi, mikono mapajani, akiutazama udongo kama mtu anayetazama kitanda cha wageni. Nilimuuliza kama niloweke maharage.

"Siwezi panda tena chakula ya mutu," akasema. "Uvira nilipanda, wengine wakakula. Kigoma nilipanda kidogo nyuma ya nyumba, tukaitwa kwenda ndege, sikuvuna. Sasa nimezeeka. Nikijua uwanja ni ya nani, nitapanda."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetoa saizi ya kiatu. Nilikwenda chumbani nikalia kidogo, kisha nikanawa uso, nikafanya kile ambacho watu waliosoma hufanya wakishikwa na huzuni: nikafungua kompyuta na kutengeneza jedwali.

Jedwali lilisema tunaweza. Benki ikasema hatuwezi. Afisa alitueleza kwa upole, akimtazama zaidi mume wangu, kwamba mshahara wake ni mzuri na wangu pia, lakini ile dhamana ya lori wanaihesabu kama deni lake yeye. Mdogo wake analipa bila kukosa, wameona, lakini dhamana ni dhamana. Kama ingekuwa imeondolewa, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine. Kiasi walichokuwa tayari kutukopesha kingetosha kununua uwanja bila nyumba.

Ndani ya gari nilisema jambo lililoonekana rahisi kwangu. "Muombe mdogo wako akutoe kwenye dhamana. Amelipa miaka yote hiyo. Huenda sasa wanamwamini mwenyewe."

Mume wangu alizima gari ambalo ndiyo kwanza alikuwa ameliwasha. "Nimuambie nini?"

"Hivyo hivyo. Nitoe."

"Wewe hujui namna hiyo neno inasikika kwetu. Nikimuambia anitoe, nimemuambia simuamini tena. Nimemushusha chini njiani." Akawasha tena gari. "Nitaongeza shifti."

Aliongeza shifti. Alikuwa akirudi asubuhi na macho mekundu, anamsalimu mama yake, anamtazama ameketi kwenye ngazi, halafu anakwenda kulala bila kula. Na mimi, badala ya kumwonea huruma, niliona ripoti. Serikali kuu imeelemewa. Jimbo lina vitabu safi. Jimbo linashushwa kwa deni ambalo si lake.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile ibara ya kipekee. Katika ripoti zetu kulikuwa na jambo lililoruhusiwa mara chache sana: jimbo linaweza kupewa daraja la juu kuliko nchi yake, endapo lina mapato yake lenyewe na endapo inaonekana wazi kwamba serikali kuu haiwezi kuingiza mkono mfukoni mwake. Nilikuwa nimeisoma ibara hiyo mara nyingi bila hisia zozote. Sasa niliisoma kama msichana anavyosoma barua. Nilikuwa na mshahara wangu. Nilikuwa na akiba yangu, katika akaunti yangu, ambayo mume wangu hajawahi hata kuuliza ina nini. Sikuwa na deni la mtu. Mimi, nikajiambia kwenye kioo cha bafu, ni jimbo linaloweza kusimama peke yake.

Na ndivyo jino langu lilivyoanza kuuma.

Dalali wa Parramatta alikuwa mwanamke wa rika langu, sweta mabegani, miwani kwenye kamba. Alinikaribisha vizuri mno. Nadhani wateja wake wengi hawaji na jedwali. Alilipitia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema akiba yangu inapendeza. Nilivimba kama andazi. Kisha akaanza maswali.

"Kodi ya nyumba analipa nani?"

"Mume wangu."

"Umeme, maji?"

"Mume wangu."

"Chakula?"

Nilifikiri. "Mimi hununua matunda."

Aliandika. "Gari?"

"La kwake. Lakini mimi huliosha."

Hakucheka. "Kwa hiyo mshahara wako kwa kiasi kikubwa umekuwa ukibaki kama ulivyo."

"Nimekuwa mwangalifu," nikasema, na hata wakati nikisema nilisikia sentensi imekaa vibaya.

Alinieleza namna ya kufanya. Nyumba iandikwe jina langu tu. Mume wangu atie sahihi kwamba hana madai. Na kama angekubali kunilipa kodi kila mwezi, kama mpangaji, kipato changu kingeonekana kizuri zaidi. Nilimwona mume wangu akinikabidhi kodi jikoni, akiwa na sare ya kazini, akiniuliza kama anaruhusiwa kutumia jiko.

"Kuna mtu mwingine anayeishi nanyi?"

"Mama yake."

"Anamtegemea nani?"

"Mwanawe."

"Vizuri," akasema, akipiga mstari. "Basi huyo tutamwacha nje."

Alikuwa na maana ya hesabu tu, wala simlaumu. Ilikuwa kazi yake kama yangu ilivyokuwa yangu. Lakini niliutazama ule mstari na nikamwona mama mkwe kwenye ngazi za jikoni. Nilikuwa nimesafiri mpaka pale kwa ajili yake. Nikasema nitafikiri, nikachukua mkoba wangu, nikamshukuru kuliko ilivyohitajika, nikashuka ngazi nikiwa nimeshika shavu. Hakukuwa na mtu wa kumdanganya pale. Nadhani nilikuwa nafanya mazoezi.

Jumatatu iliyofuata, kazini, ripoti moja ya jimbo la mbali ilitua mezani kwangu, na ndani yake ile sentensi yetu ya kila siku. Nikagundua jambo ambalo bado linanichekesha na kuniaibisha. Sentensi ile siku zote ilikuwa na nusu ya pili. Wachambuzi waliiandika kila mara, na kila mara mimi, kwa kuwa ilikuwa ndefu, niliikata na kuishusha chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Nusu hiyo ilisema: hata hivyo, daraja la jimbo ni la juu kuliko ambavyo lingekuwa peke yake, kwa sababu inategemewa kwamba likianguka, serikali kuu italiokota.

Niliisoma nikiwa nimeshika kalamu hewani. Vitabu vyangu safi vilikuwa safi kwa sababu mtu mwingine alikuwa amebeba uchafu wote. Kodi, umeme, mchele, mazishi ya watu nisiowajua, lori la Penrith. Akiba yangu ilikuwa ruzuku niliyoipa jina la uangalifu. Na kama ningeanguka mimi, kama ningefukuzwa kazi kesho, nilijua bila jedwali lolote nani angeinama. Tayari alikuwa ananichemshia maji ya karafuu kwa jino lisilouma.

Ile nusu ya pili niliirudisha mahali pake. Mchambuzi aliniuliza kwa nini ripoti imekuwa ndefu, nikasema ni mtindo mpya.

Lakini kujua hakununui nyumba. Majira ya kuchipua yalikuwa yamekaribia, mwenye nyumba alikuwa amepiga simu kwa adabu kuuliza tumefikia wapi, na kopo la mbegu lilikuwa bado juu ya kabati. Mume wangu asingemwambia mdogo wake. Kumwambia mimi rasmi, kama mke wa kaka anayedai, kungekuwa vilevile. Ingeonekana kaka amenituma.

Jibu lilinijia jikoni Jumapili, mume wangu akiwa kazini, nikichoma mahindi kwenye moto wa jiko la gesi. Mimi kwa yule bwana si mdai wala mjumbe. Mimi ni shemeji yake. Tangu siku ya harusi amenitania kuhusu upishi wangu, uzito wangu na Kiswahili changu cha redio, nami nimemtania kuhusu kila alichonacho. Kwetu na kwao, shemeji anaweza kumwambia shemeji neno ambalo likitoka kwa kaka litavunja nyumba, na wote wakacheka. Nilikuwa na mlango huo miaka yote, na nikaenda kupanda ngazi Parramatta.

Benki baadaye ilichukua muda wake, kukawa na makaratasi, na mzee mwenye kofia akasubiri kidogo zaidi ya alivyoahidi. Lakini hayo ni makaratasi. Shauri lenyewe liliisha mchana ule, kwa simu. Niliiweka mezani kwa sauti ya wazi kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na masizi, nikampigia shemeji. Mama alikuwa kwenye ngazi zake, amenipa mgongo, akijifanya hasikii.

"Shemeki!" ikavuma sauti kutoka Penrith. "Leo jua imetoka wapi? Umekumbuka kama niko?"

"Nimekumbuka kuuliza jambo. Nimesikia bado unanyonyeshwa."

"Nani amesema?"

"Mwanamume mzima, kitambi mbele, lori nje, na bado umebebwa mgongoni na kaka yako. Miguu yako si inagusa chini sasa? Au unaikunja?"

Nilitegemea kicheko. Nikasikia redio ya mtu, mbali.

"Shemeki," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "nani alikuambia?"

"Aliniambia nini?"

"Mambo ya kamiyo. Wale wenye kunikopesha walisema, tangu mwaka jana, naweza simama peke yangu. Garanti ya yaya inaweza toka. Ni sahihi tu."

Nilizima jiko. "Mwaka jana? Na hukusema?"

"Niseme namna gani? Niende kwa mutu mwenye alinibeba, nimuambie nishushe, sikuhitaji tena? Ataona nimekuwa mukubwa kuliko yeye. Nilingoja aniambie mwenyewe. Kila Jumapili nangoja. Haambii. Nikasema, basi, ni upendo, nitanyamaza."

"Naye ananyamaza," nikasema, "akiogopa utadhani hakuamini."

"Yaya anaogopa mimi?"

"Anaongeza shifti kwa kukuogopa wewe."

Hapo akacheka. Alianza kidogo, halafu akashindwa kuacha, na mwishoni kicheko kilikuwa na maji ndani yake. Nami nilikuwa nacheka na kufuta macho kwa mkono wenye masizi. "Kesho asubuhi," alikuwa anasema, "kesho asubuhi mapema nasinya karatasi. Shemeki, munataka ile nyumba? Kwa nini hamukusema? Mulinyamaza wote kama mulikuwa munaiba!"

"Tulikuwa na adabu," nikasema.

"Adabu gani hiyo, inafukuza mama kwenye shamba!"

Hindi langu lilikuwa limepoa kidogo. Bila kufikiri nikaling'ata, upande ule ule wa jino nililosema linauma, nikamwambia kwa mdomo uliojaa kwamba nitamwacha yeye mwenyewe amwambie kaka yake, ila aanze na kicheko. Kivuli kikaniangukia. Mama alikuwa amesimama kando yangu. Alinitazama mdomo, akalitazama hindi, akanitazama tena, kisha akainama juu ya simu na kupaza sauti kama watu wote wa rika lake, wanaoamini kwamba Penrith ni mbali.

"Wewe mutoto! Umesikia? Jumapili uje na kamiyo yako. Ulete mbolea, ile ya kuku, mingi. Na mahindi ya kuchoma umuletee shemeki yako, nayo mingi, maana jino yake imepona."

Akakata simu, akapanda juu ya kiti bila kuniomba mkono, na kulishusha kopo.